Mwaka Shangazi Alipotaka Kuhama Chama

Walipomzika Shangazi Perisi mwezi uliopita, mgeni mmoja mwenye miwani ya jua alishika kipaza sauti akasema marehemu hakuwahi kuyumba. "Maisha yake yote ndani ya chama," akasema, "mama huyu hakuyumba hata siku moja." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, mtoto wangu wa pili mgongoni, vumbi la kaburi linaniingia machoni, nikahisi kitu kinanipanda kifuani kama maziwa yanapofurika na huna hata kitambaa cha kushikia sufuria. Aliyumba! Aliyumba mwaka mzima, nilimwona kwa macho yangu, ule mwaka niliupika mwenyewe kwenye masufuria yake. Mkimwondolea mwaka ule mnamzika mtu mwingine. Sikusema, kwa sababu msibani mtu hapigi kelele za namna hiyo. Nilirudi nyumbani nikalala na khanga ya msiba, na tangu siku ile jiko lake linanijia usingizini: naliona jinsi mwanga ulivyokuwa ukishuka kwenye tundu la paa kama uzi, na moshi ukipanda kwenye uzi huo huo, nami nikiwa chini na mchi mkononi, nasikiliza watu wanaoamua maisha yangu bila kujua kwamba nasikiliza.

Sitaeleza ukoo wetu wala nilifikaje kwake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu yalikuwa ya kuficha, na nilikuwa na mimba ya mtu aliyekuwa akileta samaki wa Mtera kwa pikipiki. Huyo atoshe hapo. Shangazi alinipokea mlangoni, akanitazama tumbo, akasema, "Weka begi, menya vitunguu." Nyumba yake ilikuwa mbele ya kituo cha Zuzu kidogo, mahali ambapo ukisikia treni husikii inakotoka, unasikia tu ardhi inanguruma chini ya miguu halafu inanyamaza. Sebule ilikuwa kwenye nyumba mpya ya matofali na bati. Jiko lilikuwa kwenye tembe la zamani, paa la udongo, mlango mfupi unaoingia kwa kuinama kana kwamba unamwamkia mtu, na nyumba hizo mbili ziliegemeana kama ndama na mama yake. Ukutani kati yake palikuwa na tundu, ukubwa wa sinia, la kupitishia chakula. Kwenye tundu hilo nilipitisha ugali wa uwele, mlenda, chai ya rangi, karanga, maji ya kunawa. Na kwenye tundu hilo hilo yalikuja maneno. Nikikumbuka leo, sauti zao zinakuja bila nyuso, zimechanganyika na harufu ya mlenda mkavu, na sijui tena kama nilisikia kwanza au nilinusa kwanza.

Loi, mtoto wangu wa kwanza, alizaliwa mvua zilipokuwa zinaishia. Alizaliwa kwenye bajaji. Zahanati yetu ilikuwa na nesi, na ilikuwa na jengo la akina mama kujifungulia, ila jengo hilo lilikuwa limefika kwenye linta likasimama hapo. Kuta nne na anga. Mbuzi walikuwa wanalala humo. Kwa hiyo uchungu uliponishika asubuhi, nesi alinipima akasema nipelekwe mjini, na mjini ni mbali kwa mtu ambaye kichwa cha mtoto kimeshachoka kusubiri. Jirani yetu, Mama Dorkasi, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na kufuli, alipiga magoti kwenye sakafu ya bajaji akanishikia khanga kama pazia, akimtukana dereva, "Wewe geuza uso wako huko! Hujawahi kumwona mama yako?" Dereva alikuwa analia. Nakumbuka anga, nyeupe kabisa, na mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akavua kofia. Hakuna aliyekufa. Lakini tuliporudi jioni, tukapita mbele ya lile jengo, Shangazi aliomba bajaji isimame. Akashuka. Akaingia ndani ya zile kuta, akakaa humo na mbuzi muda mrefu hadi Loi akaanza kulia. Alipotoka alisema jambo moja tu. "Nagombea udiwani."

Hapo ndipo mwaka wangu unapoanza hasa. Shangazi alikuwa kwenye chama kikubwa tangu usichana wake. Hakukijua kama unavyokijua chama kwenye redio. Alikijua kama unavyoijua familia ya mumeo, nani mlevi, nani mkweli, nani anakula nyama peke yake. Alichukua fomu, akatembea nyumba kwa nyumba kwa miguu, kura za maoni zikapigwa, akashinda. Tulicheza ngoma uani hadi Loi akatapika maziwa kwa kurushwarushwa. Halafu majina yakaenda juu kupitishwa, na yaliporudi, la kwake halikuwamo. Lilikuwamo la mfanyabiashara anayeishi mjini, ambaye wakati wa kura za maoni alileta lori la mchele na bado alikuwa wa tatu. Hakuna aliyetoa sababu. Katibu wa kata alikuja kutuarifu akiwa amesimama, akakataa kukaa, na mtu akikataa kukaa nyumbani kwako unajua alichobeba.

Wakaanza kukutana sebuleni. Walikuwa wanne waliohesabika. Mzee Yoramu, mwenyekiti wa tawi, mstaafu wa reli, mtu aliyevaa koti hata kwenye joto la Oktoba. Mwalimu Dismas, kijana kuliko wote, anafundisha historia na anapenda kusimama anapoongea. Mama Dorkasi. Na Shangazi, ambaye hakusema neno. Alikuwa akikaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, mikono mapajani, akiwatazama kama mtu anayetazama wengine wakimgombea kuku wake.

"Humu ndani sisi ni wahafidhina," Mwalimu alisema siku ya kwanza. "Tusidanganyane. Tunataka chama kibaki kilivyokuwa."

"Hilo ni tusi?" Mzee Yoramu akauliza.

"Si tusi, Mzee."

"Basi na mimi nihesabu humo."

Walitaka nini? Niliwasikia siku nyingi kiasi kwamba ningeweza kuyasema usingizini. Kiongozi alale kwenye kata yake. Kura iombwe kwa miguu na mdomo, si kwa mchele. Ardhi isiuzwe kabla mkutano wa mtaa haujakaa. Mkutano uanze kwa sala, na wazee waseme mwisho. Vitu vya kizamani. Nilikuwa msichana mwenye hasira, kwangu vya kizamani vyote vilinuka, lakini mle jikoni nilijikuta nasimamisha mchi ili nisikie vizuri, maana hata mimi nilitaka diwani anayelala hapa, anayesikia mwanamke akipiga kelele alfajiri. Swali lao lilikuwa moja, na walilizunguka wiki baada ya wiki kama ng'ombe kwenye kinu cha mafuta: wabaki wakisafishe chama, au watoke wasimamishe chao?

"Nyumba ikivuja huihami," Mzee Yoramu alisema. "Unapanda juu na karai la udongo, unaziba."

"Na mchwa wakiwa wamemaliza nguzo?" Mwalimu akauliza. "Utapanda na karai lako, paa lishuke na wewe juu yake."

"Nguzo zinabadilishwa moja moja."

"Tumeshabadilisha ngapi, Mzee? Nitajie moja."

"Ninyi wanaume," Mama Dorkasi akaingilia, "nani hapa amepanda paa lolote? Yoramu, paa lako limeota majani, jana nimemwona mbuzi wangu anakula huko juu."

Wakacheka. Nikacheka na mimi, Loi akashtuka mgongoni. Mwalimu hakucheka sana. Akaeleza kwamba kuna kile chama kikubwa kilichooza, kuna cha upinzani ambacho kinawacheka wao na sala zao, na katikati pana nafasi ya chama cha tatu, cha watu wenye kumbukumbu. Kusajili kipya kungechukua muda mrefu, uchaguzi ungepita. Lakini palikuwa na chama kidogo ambacho kwenye kata yetu hakikuwa hata na mtu mmoja, na mtu wao wa mjini alikuwa ameshasema: kichukueni kama kilivyo, wekeni watu wenu na taratibu zenu, mama agombee.

"Yaani tuvae kofia ya marehemu," Mama Dorkasi akasema.

"Kofia ya marehemu nayo inakinga jua."

"Hameni!" nikapiga kelele kupitia tundu. Sikukusudia. Ilinitoka.

"Nani huyo?" Mzee Yoramu akauliza.

"Ni mlenda unachemka," Shangazi akasema, na hayo ndiyo maneno yake pekee ya siku ile.

Mzee Yoramu akaomba apewe nafasi ya mwisho ya kuziba paa. Alikata rufaa. Alikwenda mjini na koti lake, viatu amevipaka rangi, na sisi tukabaki tunamsubiri kama unavyomsubiri mtu aliyepeleka posa. Alirudi jua likiwa limeshakuwa jekundu na kubwa kule upande wa magharibi, vumbi hadi magotini. Nilimpitishia chakula. Alikula polepole sana, akalamba vidole, hakuna aliyethubutu kumuuliza, mpaka Mama Dorkasi akashindwa.

"Wamesemaje?"

"Walinipa soda."

"Na baada ya soda?"

"Wakasema nimsubiri mtu. Nikamsubiri. Soda ikaisha. Wakafunga ofisi moja moja, mwishowe mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu ili afagie." Akanyanyua miguu yake pale sebuleni, kidogo tu, kutuonyesha. Mzee yule, miguu yake hewani. Kisha akaishusha. "Tuhame," akasema.

Nilidhani tumeshinda. Nilimshusha Loi mgongoni nikamrusha juu jikoni, kichwa chake kikagusa masizi yanayoning'inia, akawa mweusi kama chungu. Sikujua kwamba mtu mhafidhina hata akiasi ataasi kwa utaratibu. Maana Mzee Yoramu aliendelea, na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Lakini tuage. Nilikiingia chama hiki mchana, watu wakiniona. Sitatoka kama mwizi wa kuku. Tuwaite viongozi wetu, tuwape chakula, tuwarudishie kadi zao mkononi, tuwashukuru, ndipo twende." Mama Dorkasi akasema hiyo ni heshima. Hata Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Huku kwetu mtu akihama kijiji huaga, akiacha kazi huaga, mke akienda kwao huaga hata kama amepigwa. Nilitazama kwenye tundu nikiwa siamini. Mnataka kumuaga mtu aliyewanyang'anya? Mnataka kumpikia?

Katibu wa chama wa wilaya akajibu kwamba atakuja kwa furaha, ila nafasi yake ni siku moja tu. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kurudisha fomu za ugombea, kabla ya saa kumi jioni.

"Mzee, siku hiyo ndiyo siku yenyewe," Mwalimu alisema.

"Atakuja asubuhi. Ameahidi."

"Asipokuja asubuhi?"

"Mwalimu, mtu mzima ameahidi."

Nafikiri nimeiota siku ile mara nyingi kuliko niliyoiishi. Tulichinja mbuzi kabla jua halijapanda. Tukapiga deki sebule, tukatandika meza kitambaa cheupe, tukapanga viti vya mbele na vya nyuma kama tulivyozoea kwenye mikutano ya chama, hata chupa za maji mezani, hata maua ya plastiki. Tulikuwa tunatoka kwenye chama kwa kukiandalia mkutano wake. Asubuhi ikapita. Upepo ulikuwa unazungusha vumbi uani, nguzo ndefu nyembamba za vumbi zinatembea peke yake shambani kama wageni wasiojua nyumba. Mtu wa chama kidogo alikuwa anasubiri ofisi ya kata na muhuri mfukoni. Dereva wa bajaji, yule yule aliyelia, alikuwa amelala kwenye kivuli cha bajaji yake, tayari kumkimbiza Shangazi. Katibu wa wilaya alifika nyama ikiwa imeshapoa na kupashwa na kupoa tena.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alishuka kwenye gari akacheka kabla hajasalimia, akasema "Mbukwenyi!" kwa Kigogo cha mtu aliyejifunzia njiani, akawaamkia wazee mmoja mmoja kwa kuinama, akamuuliza Mzee Yoramu habari za mguu wake ulioumia reli, akasifia mlenda, akaomba uongezwe. Alipoona mtoto akamtaka. "Lete mjukuu wangu huku." Nilimpa Loi kwa sababu mgeni akiomba mtoto unampa. Naye Loi, msaliti mdogo, akamshika tai, akaweka shavu kwenye lile tumbo kubwa, akalala. Basi katibu akaanza kusimulia. Alisimulia habari za wazee waliotangulia, akawataja kwa majina ya utani, Mzee Yoramu akafuta macho. Alisimulia njaa ya zamani na jinsi chama kilivyoleta mahindi kwa treni. Kadi zilikuwa pale mezani, zimefungwa kwa leso, hakuna aliyezigusa. Mzee Yoramu alikuwa anasubiri mgeni amalize ili aanze kuaga. Na mgeni hakatizwi. Mgeni haambiwi saa. Mgeni ndiye anayeomba ruhusa ya kuondoka, na kabla hajaomba, mwenye nyumba hawezi kunyanyuka, hata nyumba ikiwaka moto atamwambia kwanza, karibu maji.

Mwalimu Dismas alikuwa ameloa jasho. Alitoka nje, akarudi, akakohoa. Mimi nilibeba maji ya kunawa nikaingia sebuleni kwa mlango, si kwa tundu, nikapiga magoti mbele ya mgeni nikasema kwa sauti, "Shangazi, saa kumi inakaribia."

"Saa kumi kuna nini, binti?" katibu akauliza, akitabasamu.

"Kuna safari."

"Aa, safari haikimbii. Na huyu mtoto amelala hivi, mimi nitanyanyukaje? Tutamwamsha bure." Watu wakacheka kwa adabu.

Nikanyoosha mikono nikamchukua mwanangu kwenye mapaja yake. Nilimnyakua. Loi akalia kama aliyechomwa, na kilio hicho kikajaza sebule, nami nikabaki nimesimama namtazama Shangazi. Alikuwa na saa mkononi, ile ya mkanda mweusi. Niliona anaitazama. Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu, macho yake yako mbali kama ya mtu aliye kwenye dirisha la treni inayoondoka, akasema, "Mwongezee mgeni mchuzi."

Nikamwongezea. Mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cheupe. Nje nikasikia bajaji inawashwa, inasubiri, inazimwa. Mgeni alipoomba ruhusa ya kuondoka kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika kwenye shamba letu la zabibu. Ndipo Mzee Yoramu akasimama, akavuta koti, akaanza hotuba yake ya kuaga, nzuri, ndefu, ya kuhama kwenda mahali ambapo mlango wake ulikuwa umeshafungwa. Katibu alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima zote. Kisha akaisukuma ile leso ya kadi taratibu kurudi upande wao. "Wazee wangu," akasema, "mnakwenda wapi jioni hii?"

Sikuongea na Shangazi siku kadhaa. Nilipika, niliosha. Zabibu zilikuwa zimeiva, tukaingia shambani kuvuna, yeye mstari wake, mimi wangu, na nyigu walikuwa wamelewa maji ya zabibu zilizopasuka, wanaanguka chini na kutembea kwa miguu kama watu. Kulikuwa na ule ukungu wa vumbi wa majira yale, kila kitu rangi ya asali, mkasi wake unalia upande wa pili wa majani, kri, kri. Siku ya tatu au ya nne nikashindwa.

"Saa yako ilikuwa inatembea?"

Mkasi ukanyamaza. "Ilikuwa inatembea."

"Uliiona."

"Niliiona."

"Sasa kwa nini? Kwa nini, Shangazi? Si wewe uliyeingia mle ndani na mbuzi ukatoka unasema unagombea? Mimi nimezaa kwenye bajaji!"

Nilitegemea methali. Wazee wetu ukiwabana wanajificha kwenye methali. Yeye akaja upande wangu wa mstari, akakaa chini kwenye udongo, akavua kitambaa cha kichwa, nikaona nywele zake zilivyokuwa nyeupe.

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nini?"

"Mume wangu alipokufa, waliochimba kaburi ni wale. Waliobeba ni wale. Waliokaa hapa kwangu wakichota maji mpaka msiba ukaisha ni wale. Wote ni watu wa chama kimoja tangu nikiwa msichana. Nikitoka, nikifa watakuja kunizika kama jirani. Unajua jirani anavyozika? Anatupa udongo huku anaangalia pikipiki yake."

"Na sisi tunaozaa?"

"Ndiyo maana silali," akasema, na akaanza kula zabibu mojamoja, mbegu akizitema mkononi kama mtoto.

Nilimchukia kwa jibu hilo, na nilimpenda kwa sababu hakunidanganya, na vitu hivyo viwili vimekaa ndani yangu mpaka leo bila kupatana. Nawasikia watu sasa wakibishana kwenye simu zao, tubaki, tutoke, na wote wana hakika. Mimi sina. Mwalimu Dismas alitoka miaka iliyofuata, akaanzisha chama chake cha watu wenye kumbukumbu, kikawa na bendera na tawi moja kwenye duka la kaka yake, halafu wakagombana nani awe mwenyekiti. Waliobaki walibaki. Jengo liliezekwa, ndiyo, mtoto wangu wa pili amezaliwa humo, chini ya bati, na nesi akiimba. Lakini lilipoezekwa Loi alikuwa anaenda shule kwa miguu yake mwenyewe, na katikati hapo mkamwana wa Mama Dorkasi alipelekwa mjini kujifungua na hakufika. Anayeniambia kubaki kulikuwa na faida, nampeleka kwa Mama Dorkasi amweleze yeye. Anayeniambia kutoka kungetusaidia, nampeleka kwenye lile duka.

Ila kuna siku moja ya mwaka ule ambayo mgeni wa miwani hakuijua. Uchaguzi ulishapita, mfanyabiashara wa mchele akawa diwani, na kabla mvua hazijaanza akaitisha mkutano wa wanachama kushukuru. Tulikutana darasani, shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Ubaoni kulikuwa na hesabu za kujumlisha ambazo hakuna aliyezifuta. Nilikwenda kwa sababu Shangazi aliniambia nimshikie mwavuli. Nilikaa nyuma, nikamtoa Loi, nikampa ziwa, na sikusikiliza. Maneno yalikuwa yanapita juu yangu kama nzi. Ilipofika nafasi ya maswali, Shangazi akasimama.

"Jengo la akina mama linaezekwa lini?"

Diwani akajibu. Mchakato, bajeti, wadau, subira. Alijibu vizuri, watu wakapiga makofi machache.

"Asante, Mama Perisi," Mzee Yoramu, aliyekuwa anaongoza kikao, akasema. "Umejibiwa. Kaa."

"Nimesikia, Mwenyekiti."

Hakukaa.

"Kaa basi, mama."

"Niko sawa. Ninyi endeleeni."

Wakajaribu kuendelea. Lakini huku kwetu mtu mzima akisimama na wewe umekaa, makalio yanawaka. Katibu wa kata alisoma ajenda inayofuata, akakosea mstari, akarudia. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya darasa, mikono mbele, hajakunja uso, hajasema kitu, kama mtu aliyesimama kanisani wimbo ukiimbwa. Mama Dorkasi akajichomoa kwenye dawati lake, dawati likalia, akasimama. Vijana wawili wa mbele wakatazamana, wakasimama. Halafu mstari wa tatu. Hakuna aliyewaamuru na hakuna aliyetaka, niliona nyuso zao, wengine walikuwa wamekasirika, lakini wangekaaje? Madawati yalikuwa yanalia moja baada ya jingine. Mwalimu Dismas akasimama ameegemea ukuta. Mzee Yoramu aliinua macho kutoka meza kuu, akamwona mwanamke anayemzidi umri kwa miezi tu, na polepole, kwa mkono mmoja mezani, akasimama naye, akafunga kifungo cha koti. Alipobaki peke yake kwenye kiti, diwani alicheka kidogo, akatazama kulia na kushoto, akasimama.

Kikao hakiendi watu wakiwa wamesimama. Mwanga wa jioni ulikuwa umeingia kwenye madirisha yasiyo na vioo, na vumbi la chaki lilikuwa linaelea juu ya vichwa vyao taratibu, taratibu. Nikagundua wananitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa bado nimekaa. Shangazi hakugeuka. Mgongo wake nilikuwa naujua kuliko uso wake, na bado nilikuwa nimemkasirikia, nilikuwa nimemkasirikia sana. Wakasubiri. Nilimaliza kumnyonyesha Loi kwanza, nikamcheulisha, nikamfunga mgongoni, nikakaza khanga. Ndipo nikasimama.